Mitishamba na maradhi ya kuvimba utumbo: Ipi imepimwa, ipi ni tumaini tupu?

KATIKA maduka ya viungo na dawa za kienyeji yaliyotapakaa kutoka soko la Marikiti, kupitia Langoni hadi vichochoro vya Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, mtu anayelalamika tumbo hakosi kupata jibu. Ataonyeshwa habasoda, ubani, shubiri, manjano, unga wa muarobaini au majani ya sanamaki, na pengine mchanganyiko wa yote hayo ndani ya chupa moja.

Kwa aliyevimbiwa baada ya karamu, pengine hakuna hasara kubwa. Lakini kwa mtu ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akiharisha damu, kupungua mwili na kuamka usiku mara kwa mara kwenda msalani, uamuzi wa kununua chupa hiyo badala ya kumwona daktari unaweza kumgharimu utumbo wake au hata maisha yake.

Mtu huyo huenda anaugua mojawapo ya maradhi mawili ambayo wataalamu huyaweka pamoja kwa jina la maradhi ya kuvimba utumbo. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hushambulia ngozi ya ndani ya utumbo mpana. La pili ni ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika sehemu yoyote kuanzia kinywani hadi kwenye tundu la haja kubwa, na ambao huchimba hadi tabaka za ndani za ukuta wa utumbo. Ugonjwa huu wa pili ulipewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, ambaye yeye na wenzake wawili waliueleza mwaka 1932.

Chanzo hasa cha maradhi haya hakijajulikana kikamilifu. Kinachofahamika ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Urithi, aina ya bakteria waishio tumboni na mazingira yote huchangia. Uvutaji wa sigara huufanya ugonjwa wa Crohn kuwa mkali zaidi.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Imani hiyo haina nguvu tena. Madaktari wa Uganda walikwisha kuandika kuhusu Waafrika wachache wenye kolaitisi ya vidonda katika miaka ya 1960, na leo madaktari wa utumbo nchini Kenya huwatibu wagonjwa wa maradhi yote mawili.

Si kila damu ni bawasiri

Tatizo la kwanza ni kuutambua ugonjwa. Mkazi wa Pwani anapoona damu kwenye choo, jina linalomjia haraka ni bawasiri. Anapopatwa na msokoto wa tumbo usiokwisha, huambiwa ni mchango. Majina hayo mawili yana dawa zake madukani, na muuzaji hahitaji kipimo chochote ili kuuza.

Ukweli ni kwamba kuharisha damu kwa muda mrefu kuna sababu nyingi. Katika mji kama Mombasa, amiba na bakteria wa kuhara damu ni miongoni mwa zinazotafutwa kwanza. Kuna kichocho cha utumbo, kuna kifua kikuu kinachoingia tumboni, na kuna saratani ya utumbo mpana. Maambukizi ya Virusi vya Ukimwi nayo hufungua mlango kwa vijidudu vingine vingi vinavyoharisha.

Kifua kikuu cha utumbo kinastahili kutajwa peke yake kwa sababu hufanana mno na ugonjwa wa Crohn, hata katika picha za kamera. Iwapo mgonjwa wa kifua kikuu atapewa dawa za kupunguza kinga ya mwili kwa kudhaniwa kuwa ana Crohn, ugonjwa wake huweza kusambaa. Na iwapo atatulizwa kwa mitishamba miezi sita, atakuwa amechelewa kuanza dawa ambazo zingemponya kabisa.

Ndiyo maana daktari huanza kwa kupima choo na damu, kisha hupendekeza kolonoskopi, yaani kupitisha mpira mwembamba wenye kamera ndani ya utumbo mpana na kuchukua vipande vidogo vya nyama vya kupimwa katika maabara. Hakuna mti wala unga unaoweza kuchukua nafasi ya hatua hiyo.

Kwa nini ushuhuda hautoshi

Watetezi wa mitishamba hutaja watu waliopona. Wengi wa mashahidi hao si waongo. Hata hivyo, maradhi ya kuvimba utumbo yana tabia inayomdanganya mgonjwa na mganga kwa pamoja: huwaka kwa wiki au miezi, kisha hutulia yenyewe, na baadaye huwaka tena. Mtu hutafuta dawa siku anapozidiwa. Ugonjwa ukitulia wiki mbili baadaye, sifa huenda kwa chupa aliyokunywa.

Afrika Mashariki ina somo lake la karibu. Mwaka 2011, maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya waliovuka mpaka, walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ili kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa Sh500 za Tanzania. Ushuhuda ulikuwa mwingi kuliko foleni yenyewe. Lakini wapo walioacha dawa zao za hospitalini, na wapo waliofariki dunia wakiwa njiani au wakisubiri zamu. Wingi wa mashahidi haukuthibitisha kwamba kikombe kiliponya.

Njia ya haki ya kupima dawa, iwe ya kiwandani au ya porini, ni moja. Wagonjwa wenye hali zinazofanana hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa, na jingine hupewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Mgonjwa na daktari wote hawaambiwi nani amepata nini hadi mwisho wa jaribio.

Umuhimu wa utaratibu huo ulionekana wazi katika jaribio la mmea uitwao Andrographis, unaotumiwa sana katika tiba za India na China. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013 na lilihusisha wagonjwa 224 wa kolaitisi ya vidonda. Katika kundi lililopewa kiasi kikubwa cha dawa, asilimia 60 walipata nafuu. Lakini katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 40 nao walipata nafuu. Lau wangehojiwa watu hao wa kundi la pili peke yao, kungekuwa na ushuhuda wa kutosha kulisifu vumbi la chokaa.

Manjano: matumaini yenye masharti

Katika orodha ya vitu vinavyopatikana katika kila jiko la Pwani, manjano ndiyo yenye ushahidi wa kutia moyo zaidi. Kiini chake cha rangi, kiitwacho kurkumini, hupunguza uvimbe.

Mwaka 2006, watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa 89 wa kolaitisi ya vidonda ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Wote waliendelea na dawa zao za kawaida, lakini nusu yao waliongezewa gramu 2 za kurkumini kwa siku. Baada ya miezi sita, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa wagonjwa 2 kati ya 43 waliotumia kurkumini, ukilinganisha na 8 kati ya 39 ambao hawakuipata.

Jaribio jingine la mwaka 2015, lililoongozwa na watafiti wa Israeli, lilihusu watu 50 ambao dawa ya mesalazini haikuwa ikiwatosha. Walioongezewa gramu 3 za kurkumini kwa siku walikuwa 26, na 14 kati yao walitulia katika wiki nne. Kati ya wale 24 wengine, hakuna hata mmoja aliyetulia.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo muuzaji hatayasema. Kwanza, katika majaribio yote hayo manjano haikuchukua nafasi ya dawa ya hospitali bali iliongezwa juu yake. Pili, kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya unga wa manjano. Ili kupata gramu 3 za kurkumini, mtu angelazimika kula karibu gramu 100 za unga kila siku. Kijiko kimoja ndani ya mchuzi au maziwa ni kitoweo kizuri, lakini hakilingani na kilichopimwa.

Wala vidonge vya kurkumini si salama kwa kila mtu. Mwaka 2019 nchini Italia, mamlaka za afya zilichunguza visa vya homa ya ini vilivyohusishwa na vidonge hivyo. Katika mwaka huo huo, watafiti waliochunguza manjano nchini Bangladesh walionyesha kwamba baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiongeza rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae.

Ubani, shubiri na habasoda

Ubani una historia ndefu katika Bandari ya Kale ya Mombasa, ambako majahazi ya Uarabuni na Somalia yaliuteremsha kwa karne nyingi. Mbali na kufukizwa, watu huutafuna au kuuloweka na kunywa maji yake kwa ajili ya tumbo.

Mwaka 2001, watafiti wa Ujerumani waliripoti kwamba dawa iliyotengenezwa kwa utomvu wa ubani ilikaribiana na mesalazini katika kutibu ugonjwa wa Crohn. Habari hiyo ilienea duniani. Ilivyotokea baadaye haikuenea sana: jaribio kubwa zaidi na refu zaidi, lililochapishwa mwaka 2011 pia nchini Ujerumani, lilianza na wagonjwa 108 na kukusudia kuwafuatilia kwa wiki 52. Lilikatizwa mapema kwa sababu tofauti haikuonekana. Waliobaki wametulia kwa kutumia ubani walikuwa asilimia 59.9, na waliotumia vidonge visivyo na dawa walikuwa asilimia 55.3.

Zaidi ya hayo, ubani uliopimwa Ujerumani ni wa mti wa India, Boswellia serrata. Ubani utokao Oman, Yemen na Somalia ni wa miti mingine ya jamii hiyo. Kwa hivyo hata matokeo mazuri ya mti mmoja hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mwingine kwa sababu tu jina la sokoni ni moja.

Kuhusu shubiri, jaribio lililofanyika London na kuchapishwa mwaka 2004 liliwashirikisha wagonjwa 44 wa kolaitisi ya vidonda. Walikunywa mililita 100 za jeli mara mbili kwa siku, kwa wiki nne. Kati ya 30 waliopewa shubiri, 14 walipata nafuu. Kati ya 14 waliopewa kinywaji kisicho na dawa, wawili walipata nafuu. Lakini utumbo ulipotazamwa ndani, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Wagonjwa walijisikia vizuri zaidi, ila vidonda havikuthibitika kupona.

Aidha, kilichotumika London ni jeli nyeupe ya ndani ya jani. Utomvu wa njano ulio chini ya ganda, ule mchungu ambao kwa wengi ndio "dawa yenyewe", huharisha kwa nguvu. Mwaka 2002, Marekani iliamuru dawa za kuharisha zenye shubiri ziondolewe madukani kwa kukosa uthibitisho wa usalama.

Habasoda inaheshimiwa mno Pwani kwa sababu ya mapokeo ya dini, na heshima hiyo haipingwi na mtu. Kwa upande wa maradhi haya, sehemu kubwa ya utafiti uliopo ni wa panya, na majaribio ya binadamu ni machache na madogo. Anayeitia kwenye chakula hafanyi kosa. Anayeacha dawa zake kwa sababu yake anacheza pata potea.

Mbegu yenye sifa kimyakimya

Kuna dawa moja ya asili isiyosifiwa sana ambayo imepata matokeo ya kuridhisha. Ni mbegu za isapghol, ambazo maganda yake huuzwa katika maduka mengi ya Wahindi mjini Mombasa kwa ajili ya watu wasiopata choo. Mwaka 1999, watafiti wa Hispania waliwafuatilia kwa mwaka mmoja zaidi ya wagonjwa 100 wa kolaitisi ya vidonda iliyotulia. Waliotumia mbegu hizo na waliotumia mesalazini hawakutofautiana sana katika kurudiwa na ugonjwa.

Inaaminika kwamba bakteria wa tumboni huyachachua makapi ya mbegu hizo na kutoa asidi ambayo ndiyo chakula cha chembe za utumbo mpana. Hata hivyo, mgonjwa wa Crohn ambaye utumbo wake umeanza kuwa mwembamba asiyatumie kabla ya kumwuliza daktari, kwani huvimba yanapokutana na maji na yanaweza kuziba njia.

Hatari zilizojificha

Baadhi ya dawa za asili ni hatari kwa wagonjwa hawa waziwazi. Sanamaki, ambayo wengi huinywa ili "kusafisha tumbo", huusukuma utumbo kwa nguvu. Kumpa mtu ambaye utumbo wake tayari una vidonda na unavuja damu ni kuongeza mafuta juu ya moto. Muarobaini, licha ya jina lake la kutibu maradhi arobaini, hauna jaribio la kuaminika kwa ugonjwa huu, na mafuta yake si ya kunyweshwa watoto: madaktari wa Malaysia waliripoti mwaka 1981 watoto waliopata sumu kali baada ya kuyanywa.

Hata mmea unaofanya kazi kweli unaweza kudhuru. Mfano ni unga wa nili unaotumiwa katika tiba za China. Katika jaribio la Japani lenye wagonjwa 86, lililochapishwa mwaka 2018, zaidi ya asilimia 69 ya waliopewa unga huo walipata nafuu katika wiki nane, dhidi ya asilimia 13.6 ya wasioupata. Hayo ni matokeo makubwa. Lakini jaribio lilisimamishwa baada ya kuripotiwa kwamba baadhi ya watumiaji wa unga huo walipatwa na shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, na Wizara ya Afya ya Japani ilikuwa imetoa onyo mwishoni mwa mwaka 2016. Dhana kwamba kitu cha asili hakina madhara haina msingi.

Kisha kuna yale yasiyoandikwa kwenye chupa. Mwaka 2004, watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za kienyeji za India katika maduka ya Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Katika nchi mbalimbali, unga ulioitwa wa mitishamba umewahi kukutwa umechanganywa na dawa za steroidi. Kwa mgonjwa wa utumbo, udanganyifu huo ni mbaya mno, kwa sababu steroidi hutuliza uvimbe kweli. Atajisikia amepona, atasimulia kila mtu, na siku chupa itakapokwisha ghafla, mwili wake unaweza kuanguka bila daktari kujua sababu.

Sheria yasemaje

Nchini Kenya, dawa za mitishamba zinazouzwa zikiwa zimefungashwa zinapaswa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilizitambua tiba za asili na tiba mbadala, na ikaagiza kuundwa kwa chombo cha kuwasimamia wanaozitoa. Taasisi ya Utafiti wa Tiba nchini, KEMRI, ina kituo maalumu cha kuchunguza dawa za asili. Hata hivyo, unga unaopimwa kwa kijiko na kufungwa katika karatasi hauna nambari ya usajili, tarehe ya kuharibika wala orodha ya vilivyomo.

Afanye nini mgonjwa?

Wataalamu hawamtaki mgonjwa achague kati ya daktari na duka la dawa za kienyeji kana kwamba ni mahakama mbili zinazoshindana. Wanachosisitiza ni mpangilio: kipimo kwanza, dawa baadaye.

Anayetaka kujaribu mmea wowote anashauriwa ajiulize maswali machache. Je, ugonjwa wake umethibitishwa kwa kipimo? Je, mmea huo umepimwa kwa binadamu wenye ugonjwa kama wake, au kwa panya tu? Je, kilichopimwa ni hicho hicho anachouziwa, na kwa kiasi hicho? Je, uliongezwa juu ya dawa au ulichukua nafasi yake? Je, muuzaji yuko tayari kutaja vyote vilivyomo? Muuzaji anayedai dawa moja hutibu kisukari, saratani, utasa na tumbo, au anayemtaka mgonjwa aache dawa za hospitali, amekwisha kujibu maswali yote.

Mgonjwa pia amweleze daktari wake kila anachotumia. Wengi huficha kwa kuogopa kukemewa, na daktari hubaki akibadilisha dawa bila kujua kinachoziingilia. Nao madaktari wanapaswa kuuliza kwa upole, wakikumbuka kwamba Mwislamu wa Kibokoni, Mmijikenda wa Kisauni na Mhindi wa Makadara wote wamerithi tiba za wazee wao, na kwamba gharama za hospitali ndizo humrudisha mtu dukani.

Zipo dalili zisizosubiri chupa ya aina yoyote. Mtu anayepata choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, huku ana homa, moyo unamwenda mbio au amepauka kwa upungufu wa damu, anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo, iwe Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani au nyingine iliyo karibu. Vivyo hivyo kwa aliyefura tumbo ghafla lenye maumivu makali, kwani utumbo unaweza kutoboka.

Hata aliyetulia asisahau kwamba kolaitisi ya vidonda ikidumu miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Kwa sababu hiyo hushauriwa kuchunguzwa kwa kamera kuanzia takriban mwaka wa nane tangu dalili zilipoanza. Uvimbe unaweza kuendelea ndani ilhali mtu hasikii maumivu, na saratani inapoanza haibishi hodi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, swali la kujiuliza si kama tumbo limenyamaza, bali kama mtu aliyesomea kazi hiyo amelitazama na kuridhika.